Monita Aliyeitwa Mwongo

Vijana wangu wa bisibisi, mimi nimestaafu. Nawaambia mapema kwa sababu simu yangu haijapata habari hizo, wala majirani zangu hapa Engutoto, ambao bado wananiletea pasi na majiko yaliyoungua wakisema, "Mzee, wewe angalia tu." Hakuna kazi nzito duniani kama hiyo ya kuangalia tu. Mtu akikuambia tengeneza, anajua kwamba amekupa kazi. Akikuambia angalia tu, atakaa kwenye kochi lako, atakunywa chai yako, na mwisho atashangaa kwa nini hujaitengeneza.

Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi ameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nilianza kuandika juu ya usalama, kurasa nyingi tu, kisha nikazisoma mwenyewe nikapitiwa na usingizi. Kwa hiyo nimezitupa. Nitawaandikia juu ya kitu kimoja: rilei za kimya, na yule mchungaji wake ambaye hakuna anayempenda. Mengine mtafundishwa darasani na watu wanaolipwa kuwafundisha.

Sisi tulikulia kwenye kontakta. Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Ikiwasha inapiga "ta!", ikizima inapiga "ta!", na ikianza kuzeeka inanguruma kama babu anayetafuta miwani yake. Ilikuwa na adabu. Ikifa, mara nyingi ilikufa imeachia, hita zinapoa, watu wanalalamika, fundi anaitwa, anakuta shaba imeungua, anabadilisha, anaenda kula.

Kisha zikaja rilei hizi ambazo ndani yake hakuna kinachotembea. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, kinafungwa juu ya bati nene lenye mapezi ya kupozea, na kinawasha na kuzima hita siku nzima bila kuchoka na bila kutoa sauti. Wenye viwanda walizipenda mno, kama watu wanavyompenda mfanyakazi asiyeuliza maswali. Kasoro yake ni moja tu. Rilei hii ikifa, mara nyingi haifi kwa kukata umeme. Inakufa ikiwa imeushikilia. Kidhibiti joto kinaiambia "zima", nayo inazima kile kitaa chake kidogo cha kuonyesha utii, huku umeme unapita kama kawaida na hita inaendelea kuwaka. Nimewahi kufanya kazi na binadamu wa namna hiyo, lakini hao mtakutana nao wenyewe.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Loishiye, Mwarusha wa Olmotonyi, katika kiwanda kimoja cha vyombo vya plastiki. Alikuja kazini na fimbo yake kila siku, akaiegemeza kwenye paneli kuu, na hakuna aliyethubutu kuisogeza, hata meneja. Yeye hakugusa kitu kwa kiganja kabla ya kukikaribia kwa mgongo wa mkono. "Kiganja kikipigwa kinashika," alituambia. "Mgongo wa mkono unakimbia wenyewe. Na joto unalijua kabla ya saa yako ya kupimia."

Siku wataalamu walipokuja kutufungia zile rilei za kwanza, Mzee Loishiye alisimama nyuma yao hadi wakamaliza. Kisha akauliza, "Hii ikifa, nani atanipa habari?"

Mtaalamu akacheka. "Mzee, hizi zinakufa mara chache sana."

"Hata mimi nitakufa mara moja tu," akasema Mzee Loishiye, "lakini watu wangu watataka kujua."

Hazikupita mvua mbili rilei ya mashine ya kutengeneza ndoo ikafa ikiwa imeshikilia. Hita zikachemsha plastiki hadi ikatoa moshi, na ndoo zilizotoka siku ile zilikuwa na rangi ambayo haipo kwenye katalogi yoyote. Meneja alitupigia kelele sote kwa usawa, jambo ambalo nadhani alifundishwa chuo. Baada ya hapo kiwanda kikanunua vifaa vya kufuatilia hitilafu za rilei. Sisi kila kimoja tukakiita Monita, kama yule monita wa darasa anayeandika majina ya wapiga kelele. Na kama yule wa darasa, hakupata rafiki hata mmoja.

Kazi ya Monita ni rahisi kuieleza. Anaangalia mambo mawili tu: amri na tendo. Waya mdogo unamwambia kama rilei imeamriwa kuwasha. Siti, ile pete ya kupimia mkondo, inamwambia kama umeme kweli unapita kwenda kwenye hita. Amri haipo na umeme unapita: rilei imeshikana. Amri ipo na umeme haupiti: hita imekatika, au fyuzi imeondoka, au rilei imekufa ile namna nyingine. Basi. Ningefurahi kama na sisi tungefungiwa mmoja kila mtu, apime ahadi na matendo, lakini ving'ora vingekuwa vingi mno mjini.

Rahisi kueleza, nimesema. Kufunga ni habari nyingine. Mwenzangu Severin, Mchaga mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, alifunga Monita wa kwanza akiwa anatueleza jinsi alivyo hodari wa kufunga. Akapitisha ndani ya ile pete waya wa kwenda kwenye hita pamoja na waya wa kurudi, nyaya zote mbili. "Apime vizuri zaidi," akasema. Tukawasha. Hita zikawa nyekundu, na Monita akaapa kwamba hakuna umeme unaopita mahali popote. Severin akatangaza kwamba kifaa kimeletwa kikiwa kipofu. Mzee Loishiye akazima swichi kuu, akachomoa waya mmoja kutoka kwenye pete, akawasha, akaondoka kwenda kunywa chai. Umeme unaokwenda na unaorudi ukipita pamoja kwenye pete unafutana, na pete haioni kitu. Waya mmoja tu, wanangu. Severin ananidai hadi leo nisimtaje kwa hilo, na mnaona ninavyolipa madeni.

Makosa mengine yalikuwa yetu sote. Monita ana kitufe cha kumfundisha: unawasha kila kitu, unabonyeza, anajua kwamba mkondo huu ndio hali ya kawaida. Sisi tulibonyeza bila kupima, kumbe hita moja kati ya tatu ilikuwa imekufa zamani. Akajifunza ugonjwa akidhani ni afya. Akakaa kimya, tukamsifu. Siku tulipofunga hita mpya ndipo akapiga king'ora, kama mtoto aliyelelewa nyumba ya ugomvi ambaye siku ya amani anaumwa kichwa. Pimeni kwanza, kila hita peke yake, ndipo mmfundishe.

Tena rilei hata ikiwa nzima na imezimwa, huvujisha mkondo kidogo. Ndiyo maana testa yako itawaka ukiigusisha upande wa hita, na ndiyo maana msiamini rilei iliyozimwa kuwa ni umeme uliozimwa. Shusha swichi kuu, ndipo uingize kidole chako, kama bado unakihitaji. Monita ukimwekea kiwango cha chini mno, atalipigia kelele kila tone. Ukimwekea cha juu mno, atalala pamoja na mlinzi wa getini.

Na mkisahau yote, msisahau hili: kengele haizimi kitu. Tulianza kwa kumfungia Monita taa nyekundu. Taa ikawaka vizuri sana, ukutani, mbele ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Tangu hapo waya wa Monita tuliupeleka kwenye kontakta iliyowekwa mbele ya rilei, ili akiona ubaya akate umeme kwanza ndipo apige kelele. Kwa hiyo ile kontakta tuliyoistaafisha ikaitwa tena kazini kumlinda kijana aliyechukua nafasi yake. Hali hiyo mimi naielewa.

Sasa niwaambie ya Nkoaranga, maana ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika.

Marehemu mke wangu alikuwa Mmeru wa miteremko ile, na dada yake, Mama Eliamani, bado anaishi huko kwenye kihamba cha kahawa na ndizi. Ni mjane, mrefu, mpole wa sauti, na akishika jambo haliachii. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa usharika wao. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake kwamba badala ya kusubiri kuku mmoja mmoja akalie mayai yake atakapopenda, wanunue mashine ya kutotolesha vifaranga. Walipokosa cha kumalizia, aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Mashine ikaja kutoka kwa fundi mmoja wa mjini, kabati kubwa la mbao lenye hita, feni, na paneli ya umeme ubavuni yenye mapezi yaliyochomoza juu. Mchungaji akaja kuiweka wakfu, kwaya ikaimba, wakaweka mayai.

Baada ya wiki mbili na siku kidogo akanipigia simu.

"Shemeji, mayai yameiva."

"Yametotolewa? Mapema hivi?"

"Siyo kutotolewa, shemeji. Yameiva. Ya kuchemsha." Nikamsikia anapumua. "Sasa mimi nitawaangaliaje hawa wamama?"

Nilipanda. Rilei ilikuwa imeshikana kama kiganja kilichopigwa na umeme. Nilipoing'oa nikakuta chini yake hakuna hata ile grisi nyeupe ya kupitisha joto kwenda kwenye bati la mapezi, na nikajiambia ugonjwa nimeshaujua. Nikaweka rilei mpya, nikapaka grisi, nikamfunga Monita, nikaleta kontakta ya kukata na king'ora cha kuita. Siti nikaipitishia waya mmoja. Hita nikazipima kila moja. Nilijivunia kazi ile, na ninawaambia ili mjue mwanzo wa aibu huwa ni mzuri sana.

Akina mama walisimama nyuma yangu wakitazama. Mmoja wao, Mama Penieli, alikuwa mwanakwaya wa sauti ya pili, na fundi wa kufuma vitambaa ambaye hakuna meza ya usharika ule isiyovaa kazi yake. Yeye ndiye aliyeipinga mashine tangu mwanzo na sasa alikuwa na mayai ya kuchemsha kama ushahidi.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Hiki ulichofunga kinafanya nini?"

"Kinapiga kelele rilei ikiharibika, na kinakata umeme."

"Kuku hana king'ora," akasema Mama Penieli. "Anakalia mayai yake ananyamaza, na vifaranga wanatoka. Mwenyekiti wetu ndiye ametuambia kuku amepitwa na wakati. Mayai yangu ya kuku wa kienyeji, fundi, ya mbegu ya mama yangu mzazi, nimeyamwaga shimoni kwa mikono hii."

Mama Eliamani alikuwa amesikia maneno hayo kanisani, kisimani na kwenye misiba. Baadaye akanisindikiza hadi njiani, akaniambia makubaliano yao. Wataweka mayai mara ya pili. Yakiharibika tena, mashine inauzwa, kikundi kinavunjwa, naye anaacha uenyekiti. "Uenyekiti si kitu, shemeji," akasema. "Lakini mimi niliwaahidi wajane wenzangu. Nitapita njia gani niwakwepe? Njia ya hapa ni moja."

Mayai yakawekwa. Ilikuwa majira ya baridi, ule ukungu wa Meru unaoshuka hadi migombani na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Hita zilikuwa na kazi. Asubuhi ya siku ya nne simu ikalia: Monita amepiga king'ora, umeme umekatwa, mayai yanapoa. Nikawaambia wafunike kabati kwa mablanketi, nikapanda. Nilipofika mchana nikarudisha umeme, nikakuta kila kitu kizima. Amri na tendo vinakubaliana. Rilei ya vuguvugu tu. Nikakaza sukurubu ambazo hazikulegea, nikanywa chai, nikashuka.

Baada ya siku chache, tena asubuhi, tena king'ora. Nikapanda na rilei nyingine mpya, nikabadilisha ile nzima kwa nzima. Mara ya tatu nikapanda na aibu tu, maana vipuri nilikuwa sina tena. Kila nikifika, mashine imetulia kama mtoto aliyeambiwa daktari anakuja. Nikampigia Severin, ambaye siku hizi ana duka la vifaa vya umeme na anajua kila kitu cha mbali.

"Mpandishie kiwango," akasema Severin. "Huyo Monita ana wasiwasi."

"Nikimpandishia zaidi hataona kitu."

"Si ndiyo watalala vizuri?"

Mayai yanavumilia baridi kidogo, hata kuku mwenyewe hutoka kwenda kula. Hayavumilii kupoa kila baada ya siku mbili tatu. Mama Penieli akasema Monita ni mwongo, anabweka bila mwizi, na sasa mayai yatakufa kwa baridi badala ya joto, maendeleo makubwa. Wengi wakamuunga mkono. Wakapanga kukutana Jumapili baada ya ibada, waamue Monita ang'olewe.

Mama Eliamani akanipigia. "Shemeji, Jumapili usije."

"Kwa nini?"

"Fundi asipokuwepo, nani atang'oa? Watasema tu. Mimi nitasikiliza. Siku zitakuwa zimepita."

Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Mtu mzima, mwenye heshima zake, anaokoa siku mbili tatu kwa kumficha fundi. Nilikaa sebuleni nikafikiria mashine ile iliyokuwa mgonjwa asubuhi na nzima mchana. Nikakumbuka Mzee Loishiye alivyokuwa akiingia zamu asizopangwa, bila kumwambia mtu. Tulimuuliza kwa nini, akasema mgonjwa mtembelee siku asiyokutegemea, maana siku ya miadi atakuwa ameoga.

Jumapili nikapanda bila kupiga simu.

Nilifika ibada imeisha na mnada wa matoleo unaendelea nje ya kanisa. Mnaujua mnada wa sharika zetu: mikungu ya ndizi, mboga, jogoo aliyefungwa miguu, na watu wazima wanashindania papai moja kwa ajili ya kazi ya Bwana na kwa ajili ya kuonekana. Mama Penieli alikuwa mstari wa mbele akipandisha bei ya mkungu wa ndizi. Hakuna aliyeniona. Nikapita pembeni hadi kwenye chumba cha mashine.

Wanangu, paneli ilikuwa imevaa.

Ilikuwa imevalishwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kikubwa, chenye maua pembeni, kimeanzia juu ya yale mapezi na kuteremka ubavuni hadi kumfunika Monita kifua. Juu kabisa, penye mapezi, pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Jirani yake palikuwa na kalenda ya usharika. Sijawahi kuona kifaa cha umeme kilichoheshimiwa namna ile, na nimefanya kazi hii hadi meno yamepungua.

Nikasikia hatua nyuma. Ni Mama Eliamani, ametoka mnadani akihema.

"Shemeji! Nilikuambia usije!" Na kabla hajamaliza kunilaumu, akanipita, akanyanyua chombo cha maua, akaanza kukunja kitambaa haraka haraka. "Ngoja basi nikutolee, usije ukakichafua."

"Acha!" nikasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea shemeji yangu. "Rudisha kama kilivyokuwa."

Akarudisha, akinitazama kana kwamba nimepatwa na homa. Nikapitisha mgongo wa mkono chini ya kitambaa kuelekea kwenye mapezi. Mkono ulikimbia wenyewe.

"Hiki kinakaa hapa siku zote?"

"Siku zote. Tunatoa fundi akija tu. Si mnajijua mikono yenu? Ina grisi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuweka wakfu. Mashine ya kikundi itakaaje uchi, shemeji, na mchungaji anakuja?"

Nikavua kitambaa, nikamweleza polepole. Rilei inapumua kupitia mapezi yale. Asubuhi za baridi hita zinafanya kazi muda mrefu, rilei inapata joto, na joto halina pa kwenda. Ikizidi, inalewa, inapitisha umeme bila kuamriwa. Monita anaona, anakata. Nanyi mnanipigia simu, mnavua kitambaa kwa heshima yangu, rilei inapoa, inapata fahamu, na mimi nafika nakuta mgonjwa ameoga. Monita hajasema uongo hata mara moja. Mngemng'oa leo, mayai yangeiva kabla ya wiki kwisha.

Mama Eliamani akakaa kwenye benchi. Alikuwa ameshafika mahali ambapo mimi nilikuwa bado njiani.

"Kwa hiyo na yale ya kwanza," akasema.

Rilei ya kwanza haikuwa na grisi, wala haikuwa na wa kuichunga, na juu yake ilikuwa na kitambaa. Nikamwambia hivyo hivyo. Kisha nikauliza swali ambalo mtu mwenye akili asingeuliza: "Kafuma nani?"

Alitazama dirishani. Kule nje Mama Penieli alikuwa ameupata ule mkungu wa ndizi, na akina mama walikuwa wanampigia vigelegele.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimwona shemeji yangu ameonewa wiki baada ya wiki, ameitwa muuaji wa mayai mbele ya watu, na sasa ameshika mkononi kitambaa chenye maua pembeni ambacho kila mtu wa usharika ule anaijua sindano iliyokifuma. Nilitaka kukaa mstari wa mbele nione. Yeye akakikunja vizuri, mara mbili, akakiweka ndani ya mkoba wake.

Wakaingia, wakaketi. Mama Penieli akasimama wa kwanza, bado ana furaha ya mnada, akasema kwa ufasaha kwamba mlinzi anayebweka bila mwizi hufukuzwa, na kwa kuwa fundi mwenyewe amekuja, basi kazi ifanyike leo leo. Wakaitikia. Mama Eliamani akasema, "Fundi ana maneno."

Nikasimama. Nikaeleza habari ya rilei kupumua, na joto, na kulewa. Nikasema mapezi yalikuwa yamefunikwa. Sikusema kwa nini, wala kwa kitu gani. Wengine wakawa wanatikisa vichwa kwa kuelewa. Mama Penieli akawa anatazama paneli, pale ilipokuwa uchi, na nikaona uso wake unashuka kidogo kidogo, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka.

"Fundi," akasema, na ile sauti ya pili haikuwepo tena. "Na yale ya kwanza?"

Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini, maana nilikuwa na hasira za kuazima. Mama Eliamani akaniwahi.

"Yale ya kwanza hayakuwa na monita," akasema. "Hatuna wa kumuuliza." Kisha akafunga mkoba wake. "Monita anabaki. Juu ya mapezi hakiwekwi kitu, hata ua. Mama Penieli, zamu ya kesho asubuhi ni yako. Usichelewe."

Hakukuwa na king'ora tena. Mama Penieli alifika zamu zake zote, na za wengine pia. Walisema alikuwa anapitisha mkono juu ya mapezi kila akiingia, na mtu akitaka kuegemeza hata kitabu cha nyimbo pale, anafukuzwa. Mimi nilimwonyesha namna ya kutumia mgongo wa mkono. Ndilo somo pekee nililotoa huko ambalo mwanafunzi hakunibishia.

Siku ya kutotoa waliniita nikaone. Wengi walitoka. Wachache hawakutoka, kama ilivyo hata kwa kuku mwenyewe, na hakuna aliyelalamika. Akina mama walijazana mlangoni na vikapu, kila mmoja akidai anatambua vifaranga wa mayai yake, jambo ambalo haliwezekani, lakini siku hiyo nilinyamaza. Mama Eliamani akaomba kimya, na vifaranga ndio pekee waliokataa. Akasema tushukuru, na Mama Penieli atuongoze kwa sala.

Mama Penieli akasimama mbele ya mashine, akafumba macho, akakutanisha mikono yake.

"Bwana," akasema, "kuhusu wale wa kwanza—"

Sauti ikakatika. Akajaribu tena, midomo ikatembea, hakikutoka kitu. Machozi yakaanza kumshuka mbele ya watu wote.

"Amina!" akasema Mama Eliamani, kwa nguvu, palepale.

Na akina mama wote, ambao nusu yao hawakujua wanaitikia nini, wakaitikia, "Amina."